Neno Lililotoka Mbele ya Gubeti

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wajumbe wa bodi mlioketi safu ya mbele, Nahodha wangu, ambaye kwa umri ni mdogo wangu na kwa amri ni mkubwa wangu, wakufunzi wenzangu, mpishi wa meli, ambaye ratiba imemsahau ingawa ifikapo saa saba mchana hakuna mwenye cheo cha kumzidi, wazazi na walezi, nanyi wahitimu, wanangu, mliovaa nguo nyeupe mlizozipiga pasi wenyewe, jambo ambalo miezi minne iliyopita ningeapa kwamba halitatokea: nawasalimuni nyote, wa mbele na wa nyuma, wenye viti na mliosimama mlangoni.

Mimi ni serahangi. Jina la kwenye kitambulisho ninalo, lakini hata mke wangu akitaka niitike huniita serahangi. Kwa wazazi wasioijua kazi hiyo, nahodha ndiye anayeamua meli iende wapi, na serahangi ndiye anayehakikisha kwamba kamba, matanga na watoto wenu vinaelekea huko huko. Nimeifanya miaka ishirini na minane katika meli ileile ya matanga, milingoti mitatu, na leo nastaafu. Ofisi imenipa dakika ishirini na karatasi mbili za kusoma, zilizopigwa chapa na kijana wa masjala, nami namshukuru.

Karatasi ya kwanza inanisifu mpaka nikajikagua kama bado nahema, maana sifa za namna hii kwa kawaida husomwa mwenyewe akiwa amelala. Sawa, nimezipokea. Karatasi ya pili inahusu safari ya mafunzo ya mwaka huu, safari ya mwambao, siku arobaini, na inasema, naisoma kama ilivyo: "Safari ilimalizika salama bila tukio lolote la kukumbukwa." Hapo ndipo nilipovua miwani. Naiweka chini karatasi hii, mnaniona. Kijana wa masjala, nisamehe. Uliandika ulichoambiwa, na waliokuambia waliambiwa na mimi.

Wanafunzi waliopanda meli walikuwa thelathini na wawili. Wahitimu walioketi hapa mbele ni thelathini na mmoja. Je, hakuna hata mmoja wenu aliyehesabu viti?

Huyo wa thelathini na mbili yupo, ameketi safu ya mwisho karibu na mlango, pamoja na mama yake. Hakuvaa nyeupe. Amekuja kuwapigia wenzake makofi. Kule melini tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakufunga mdomo. Aliniuliza kwa nini kamba hii na si ile, kwa nini upepo una tabia, na kwa nini mimi sicheki. Nikamwambia, binti, ukimaliza maswali nitacheka. Hakuyamaliza. Lakini alikuwa wa kwanza kupanda mlingoti na wa mwisho kushuka, na fundo lake hukulifungua ila kwa idhini yake. Katika miaka yangu yote sijapata mwanafunzi aliyeijua kazi kwa haraka namna ile. Nayasema haya sasa, wakati nilipaswa kuyasema miezi mitatu iliyopita nilipoulizwa rasmi.

Wazazi, nivumilieni niwaeleze jambo moja la kazi yetu. Meli ni ndefu. Mbele kabisa, mahali tunapopaita gubeti, husimama mwanafunzi mmoja kuangalia maji. Usukani uko nyuma, kwenye tezi. Kukiwa na ukungu, wa nyuma hamwoni wa mbele, na matanga yanapiga kelele. Redio za mkononi tunazo, ila wiki mbili za mwisho tunazifungia kabatini kwa makusudi, ili mtoto ajifunze kutumia masikio aliyopewa na Mungu. Basi tunapanga wanafunzi saba, kutoka gubeti hadi usukani, kila mmoja umbali wa sauti kutoka kwa mwenzake. Wa kwanza akiona kitu, hulisema neno kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka limfikie mshika usukani. Mshika usukani akishalitii, hujibu: "Imepokelewa." Na jibu hilo hurudi njia ileile, mdomo kwa mdomo, mpaka limfikie yule aliyelianzisha. Tunaita kazi hiyo kupitisha neno.

Sheria yake ni moja na niliitunga mimi: sema ulichopokea, usiongeze, usipunguze, usiulize. Niliwaimbisha sheria hiyo mpaka wakawa wanaisema usingizini. Ngongoti, wewe mrefu uliye nyuma ya nguzo, usijifiche, ulikuwa ukiisema hata ukiomba chumvi mezani! Nao walikuwa hodari kweli. Neno lilipita kutoka gubeti hadi usukani kabla hujamaliza kupiga chafya.

Siku ya thelathini na tatu ukungu ulitushukia asubuhi, baada ya chai. Nimeona ukungu mwingi maishani, lakini ule ulikuja bila ubaridi. Ulikuwa wa vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyeinama karibu nawe. Upepo ulikuwapo, matanga yamejaa, lakini kelele zake hazikusikika sawasawa. Mpishi aliangusha sufuria jikoni, akaniambia baadaye kwamba aliiona ikidunda sakafuni lakini hakuusikia mlio wake. Nilimwambia anaanza kuzeeka. Nahodha aliagiza neno lipitishwe, nikawapanga saba wangu, na wa kwanza, kwenye gubeti, nilimweka Chiriku.

Mimi nilikwenda mbele kuitazama kengele ya ukungu, kwa sababu kamba yake ilikuwa imelegea. Nilikuwa nimepiga goti hatua tatu nyuma yake. Yeye alinipa mgongo, anaangalia mbele kama alivyofundishwa. Mbele yake, waheshimiwa, hapakuwa na kitu ila ule mti mrefu unaotokeza nje ya meli, wavu uliofungwa chini yake, na maji. Nao ule mti tuliuona hadi nusu tu, nusu ya pili ilikuwa imemezwa na ukungu.

Kutoka huko tusikokuona, mtu akasema: "Kulia. Kulia yote."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Alisema kwa sauti ya mtu wa kazini, mtu aliyekwisha kupokea neno kutoka kwa mwingine aliye mbele yake, anayelipitisha tu. Haikuwa ya kiume wala ya kike. Ilikuwa ya mtu aliyezoea. Na Chiriku, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba asiulize, hakuuliza. Aligeuza kichwa nusu, akasema kwa wa pili: "Kulia, kulia yote!" Nikalisikia likipita nyuma yangu, wa pili, wa tatu, wa nne, likififia mpaka kwenye tezi. Meli ikaanza kugeuka.

Mimi nilikuwa bado nimepiga goti, nimeshika kamba ya kengele. Ningeweza kupaza sauti kulizuia neno. Nilikuwa na muda. Ulimi ulikataa, jamani, ulikauka kama kipande cha ngozi. Ndipo jibu likaanza kurudi. Wa saba, wa sita, wa tano: "Imepokelewa." "Imepokelewa." Likamfikia Chiriku. Na yeye, kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri, akainama mbele kuelekea kule ukunguni, akalipitisha kwa yule aliyempa neno: "Imepokelewa!"

Na yule wa kule akajibu: "Haya."

Haya, tu. Kama mtu unayemfikishia mzigo wake mlangoni. Kisha nikasikia, mbali kidogo, sauti nyingine ikisema "imepokelewa", na mbali zaidi nyingine, na nyingine, zikienda mbele, mbele, mbele, mahali ambapo hakuna meli.

Nikaona mabega ya yule binti yakisimama. Kisha akageuka polepole, akanitazama, nami nikamtazama, na kila mmoja wetu aliona usoni mwa mwenzake kwamba amesikia. Hatukupata nafasi ya kusema, kwa sababu meli ilikuwa imegeuka ghafla mno, upepo ukayapiga matanga upande usiofaa, na ile foromali, mti unaobeba tanga kubwa, ikakatika na kuanguka. Ngongoti alikuwa chini yake. Alivunjika mkono. Leo anaunyanyua kuwaonyesha kwamba umepona, lakini nilimsikia akilia siku ile, nami kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akilia.

Ukungu ulipoondoka, tulitazama upande wa kushoto, pale tulipokuwa tukielekea. Hapakuwa na mwamba. Hapakuwa na chombo. Palikuwa na maji tu, lakini sehemu moja, pana kama uwanja wa mpira, maji yalikuwa yamelala kimya, bila wimbi, ilhali pembeni yake mawimbi yanacheza. Kundi la ndege lilikuja likiruka kwa mstari mmoja. Lilipofika pale likakata kona, likazunguka ukingo wote, kisha likaendelea na safari yake. Ramani inasema kina cha mahali pale ni pima kumi na mbili. Tulishusha chubwi la kupimia kina, kamba ikaenda pima kumi na mbili, ishirini, arobaini, ikaisha yote mikononi mwangu bila kugusa chini. Yawezekana mkondo uliikunja kamba. Mambo hayo hutokea. Nahodha wangu atajisemea mwenyewe alichokiona, nami sitamsemea. Leo nasema yangu.

Sasa, ndugu wageni waalikwa, sikilizeni nilichofanya mimi, mliyempa saa ya ukutani ya kustaafu.

Tuliporudi nchi kavu, kamati iliketi katika chumba kile cha ghorofa ya kwanza chenye feni inayogonga. Meza ndefu, jagi la maji, viti vinne. Waliitwa wanafunzi saba mmoja mmoja. Wa saba akasema, nilipokea kwa wa sita. Wa sita akasema, kwa wa tano. Wakashuka hivyo mpaka wakamfikia Chiriku. Mwenyekiti akamwuliza, "Na wewe ulipokea kwa nani?"

"Kwa wa mbele yangu."

"Mbele yako kuna nani, binti?"

Akaninyooshea mkono, si kwa ubaya, kama mtoto anavyomwonyesha baba yake. "Muulizeni serahangi. Alikuwapo. Amesikia."

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akauliza: "Serahangi, ulisikia sauti yoyote?"

Nilisema, "Sikusikia kitu ila kengele."

Mnataka kujua kwa nini? Hata mimi nimejiuliza. Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu. Namkumbuka mshika usukani mmoja, zamani, mtu mzima na heshima zake, aliyesema kwamba ameona jambo baharini. Waliandika kuwa alikuwa amelewa, na yule bwana hakupata kuonja pombe maishani mwake. Niliogopa kuwa kama yule mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni ya aibu zaidi: nilidhani nikikana, jambo lenyewe litakuwa halikutokea, nami nitalala. Ulikuwa woga, waheshimiwa. Mtu mzima, mvi kichwani, nikamwachia binti wa miaka kumi na tisa abebe peke yake.

Kamati iliandika kwamba ametunga amri, akaiharibu meli na kumjeruhi mwenzake. Alinyimwa cheti. Bila cheti hakuna chombo kitakachompokea, hata cha kusugua sakafu. Alitoka chumbani bila kunitukana. Laiti angenitukana! Alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Kweli hukusikia, serahangi?" Nikapangapanga makaratasi yasiyo yangu.

Wiki mbili zilizopita mama yake alinijia nyumbani. Ni fundi cherehani. Vidole vyake vina alama za sindano. Mke wangu alimkaribisha chai, hakuigusa. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akasema: "Baba, sikuja kuomba cheti. Nimekuja na swali moja. Mwanangu siku hizi haitiki akiitwa. Namwita kutoka jikoni, ananyamaza. Namwita tena, ananyamaza. Mpaka niende nisimame mbele yake, anitazame mdomo, ndipo aniulize, 'Mama, ni wewe uliyeniita?' Yule aliyekuwa haachi kusema, sasa hata wadogo zake wakimwita hageuki. Ananiambia kichwa chake kimeharibika, hajui tena ni sauti ipi ya mtu na ipi si ya mtu. Nataka kujua tu, baba, wewe uliyekuwa naye: mwanangu ni mgonjwa?"

Nami, mbele ya mke wangu, ndani ya nyumba yangu, nilimjibu yule mama: "Mpeleke kwa daktari."

Alishukuru. Ndiyo, alinishukuru! Akaenda. Nimesikia alimpeleka kweli, na daktari akawaambia binti hana tatizo la masikio wala la kichwa, na hilo likamtisha mtoto zaidi, maana sasa hata ugonjwa wake hauna jina. Siku ile mgeni alipotoka, mke wangu aliondoa vikombe mezani, akaniuliza jambo moja tu: "Ulisikia, sivyo?" Tumeishi pamoja miaka thelathini na sita. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi mimi si wa kuambiwa."

Kwa hiyo nasema kwa wa kuambiwa. Mkuu wa Chuo, bahasha hii nakukabidhi mbele ya mgeni rasmi. Ndani yake mna maelezo yangu mapya, kurasa tatu, nimeyaandika kwa mkono wangu na kutia saini. Yanasema kwamba nilidanganya mbele ya kamati. Yanasema nilisikia "kulia, kulia yote", nilisikia "haya", na nilisikia yaliyofuata. Yanasema kwamba mwanafunzi yule alitii sheria niliyoitunga mimi, neno kwa neno, na kama kuna kosa, lilikuwa katika sheria isiyomruhusu mtoto kuuliza "wewe ni nani" kabla ya kutii. Foromali na ule mkono wa Ngongoti ni mzigo wangu. Kamati iketi tena. Bodi ikiona inafaa kuniondolea heshima za leo, izichukue. Saa ya ukutani sijaifungua.

Najua mnanong'ona. Wapo wanaosema mzee amechanganyikiwa siku ya mwisho, afadhali angesoma karatasi yake ashuke. Huenda. Kama yule binti ana kichaa, basi tuko wawili, na mmoja wetu mmemkabidhi watoto wenu kwa miaka ishirini na minane. Mniulize ni nani aliyesema kule ukunguni. Sijui. Mniulize alituokoa na nini, au alitupeleka wapi, au lile neno lilikuwa limetoka mbali kiasi gani kabla halijatufikia. Sijui, na sitaki kujifanya najua. Ninachokijua ni kidogo na kinatosha: hakuwa ndani ya kichwa cha mtoto wa watu.

Mama, wewe fundi cherehani, naomba radhi yako mbele ya kadamnasi hii. Uliniuliza swali la kweli nami nikakupa jibu la mwoga. Mwanao si mgonjwa. Hakuwa mgonjwa hata siku moja. Usilie, mama, au lia, ni haki yako.

Na sasa, kwa ruhusa ya mgeni rasmi, namwita mtu. Nitamwita mara moja tu, kutoka hapa nilipo, na naomba ukumbi wote unyamaze. Hata wewe mwenye mtoto hapo, mpe titi.

Chiriku!

Tumngoje. Msigeuke kumkodolea macho, mtamtia haya. Mwacheni ajitafute. Nina dakika nne zilizobaki katika zile ishirini, na zote ni zake.

"Abee."

Amesema abee. Mmeisikia? Ninyi wa mbele mmeisikia? Nyanyueni mikono mliosikia nikimwita naye akiitika. Mkuu wa Chuo, naona na wewe umenyanyua. Angalia, mwanangu, angalia mikono yote hiyo. Ni mimi niliyekuita, wala hakuna mwingine.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi, wahitimu, nimemaliza. Mmenivumilia kuliko nilivyostahili, na kwa hilo nawashukuru sana.